Kutoka Kaseti hadi Seva: Uandaaji wa Seva Maalumu ya Nyumbani ya Kutiririsha Picha na Sauti za Familia

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kuandaa seva maalumu ya nyumbani, yaani kompyuta moja inayotengwa kwa kazi ya kuhifadhi picha jongefu na sauti na kuzitiririsha kwenye runinga, simu na kompyuta nyingine za nyumba hiyo. Mfano unaotumika ni wa familia ya mwambao wa Afrika Mashariki yenye kanda za video na kaseti za sauti zilizorekodiwa kati ya miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hoja kuu ni kwamba ubora wa seva ya aina hii hautokani kwanza na nguvu ya kompyuta. Unatokana na mambo manne yanayotangulia au kuandamana nayo: umbo la mafaili, maelezo yanayoambatana nayo, mipaka ya nani aone nini, na nakala rudufu.

Istilahi muhimu: seva, utiririshaji, kodeki, udijitishaji, nakala rudufu

1.0 Utangulizi

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Tanga, Unguja, Mombasa na Lamu, kumbukumbu za familia za robo ya mwisho ya karne ya 20 zimo ndani ya kanda za sumaku. Humo mna harusi, maulidi, sauti za wazee waliokwishafariki, na taarabu iliyorekodiwa ukumbini kwa redio kaseti. Aghalabu kanda hizo zimewekwa kabatini au chini ya kitanda, zikiaminika kuwa salama kwa sababu tu hazijaguswa.

Dhana hiyo ya usalama ina kasoro mbili. Kwanza, kanda ya sumaku ni utepe wa plastiki uliopakwa chembechembe za sumaku zilizoshikwa na gundi maalumu. Gundi hiyo hufyonza unyevu wa hewa na kudhoofika taratibu, na hali ya mwambao, yenye joto na unyevunyevu kwa sehemu kubwa ya mwaka, huharakisha uharibifu huo. Kanda isiyochezwa kwa miaka 20 huweza kunata, kuota ukungu au kupukutika mara inapochezwa tena. Pili, mashine za kuichezea zinatoweka. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha uzalishaji mwezi Julai 2016. Tangu hapo, kila deki inayoharibika hupunguza idadi ya zilizobaki.

Njia inayotumiwa na wengi ni kuhamishia kanda kwenye diski mweko au simu ya mwanafamilia mmoja. Njia hiyo huiokoa picha kwa muda, lakini haiifanyi ipatikane kwa wote, na simu ikiibwa au diski ikifa, kilichookolewa hupotea kwa mara ya pili. Seva ya nyumbani inajibu mahitaji mawili kwa pamoja: kuhifadhi na kutazama. Hata hivyo, mahitaji hayo si kitu kimoja, na kosa la kuyachanganya ndilo linaloharibu seva nyingi.

2.0 Usuli wa Programu na Dhana za Msingi

2.1 Programu za seva

Programu tatu hutajwa zaidi katika uwanja huu: Plex, Emby na Jellyfin. Plex ilichipuka kutoka katika mradi wa XBMC, ambao leo unaitwa Kodi. Emby ilianza ikiwa na msimbo ulio wazi, kisha waendelezaji wake wakaufunga. Kutokana na uamuzi huo, mwezi Desemba 2018 kundi la watu wa kujitolea lilichukua toleo la mwisho lililokuwa wazi na kuanzisha Jellyfin, inayotolewa bure kwa leseni ya GPL.

Tofauti kati ya programu hizo ina uzito kwa anayehifadhi kumbukumbu. Mwaka 2025 Plex iliamua kwamba kutazama mafaili yako mwenyewe ukiwa nje ya nyumba, huduma iliyokuwa bure, kutahitaji malipo. Kampuni ina haki ya kupanga bei zake. Lakini tukio hilo linaonesha kuwa mwenye mafaili na mwenye mlango wa kuyafikia wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Akaunti za Jellyfin huhifadhiwa ndani ya seva yenyewe, kwa hiyo intaneti ikikatika, waliomo nyumbani huendelea kuingia na kutazama. Kwa sababu hiyo, makala haya yanaitumia Jellyfin kuwa mfano.

2.2 Uchezaji wa moja kwa moja na ugeuzaji

Seva huweza kupeleka picha kwa njia kuu mbili. Katika uchezaji wa moja kwa moja, seva husoma faili kutoka kwenye diski na kulituma kama lilivyo. Kazi ya kulifasiri hufanywa na runinga au simu. Katika ugeuzaji, kifaa cha mtazamaji hakiwezi kufasiri kodeki iliyotumika, hivyo seva hulazimika kulifungua faili na kulisimba upya katika kodeki nyingine papo hapo, huku mtazamaji akisubiri. Jellyfin hufanya kazi hiyo kwa kutumia FFmpeg.

Tofauti ya gharama ni kubwa. Uchezaji wa moja kwa moja ni kazi ndogo ambayo hata kompyuta ya miaka kumi iliyopita huimudu kwa watazamaji kadhaa kwa wakati mmoja. Ugeuzaji huweza kukimaliza kichakataji kizima kwa mtazamaji mmoja, isipokuwa pale ambapo kompyuta ina sehemu maalumu ya kazi hiyo, mfano Quick Sync iliyoanza kuwekwa katika vichakataji vya Intel mwaka 2011. Ndiyo maana umbo la mafaili linapaswa kuamuliwa kabla ya kununua kompyuta.

3.0 Udijitishaji wa Kanda

3.1 Nakala kuu na nakala ya kutazamia

Kila kanda inapaswa kuzaa mafaili mawili. La kwanza ni nakala kuu, inayohifadhi kila kilichosomwa na deki bila kupoteza chochote. La pili ni nakala ya kutazamia, iliyobanwa kwa ajili ya seva. Kutenganisha nakala hizi ni muhimu kwa kuwa kodeki za kutazamia hubadilika: H.264 ilisanifiwa mwaka 2003, H.265 mwaka 2013, na AV1 ikatoka mwaka 2018. Mwenye nakala kuu anaweza kutengeneza nakala mpya ya kutazamia wakati wowote, ilhali aliyebakiwa na faili lililobanwa kupita kiasi hawezi kurudisha kilichotupwa.

Kwa nakala kuu, kodeki ya FFV1 inafaa. Inabana bila kupoteza kitu, iko wazi, na vipimo vyake vilichapishwa na IETF mwaka 2021. Kanda zilizorekodiwa kwa mfumo wa PAL, uliotumika Kenya na Tanzania, hutoa picha ya mistari 576 na fremu 25 kwa sekunde. Ikisomwa bila kubanwa kwa biti 8, saa moja ya picha hiyo huchukua takribani gigabaiti 75. FFV1 huishusha hadi kati ya theluthi na nusu ya kiasi hicho.

Kwa nakala ya kutazamia, H.264 ya biti 8 pamoja na sauti ya AAC ndiyo chaguo salama, kwa kuwa takribani kila runinga janja, simu na kivinjari hukifasiri bila msaada. Kodeki mpya zaidi zingeokoa nafasi, lakini zingeiweka seva katika ugeuzaji kila mara runinga ya zamani inapotumika. Kwa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde, saa moja huchukua gigabaiti 1.8.

3.2 Mistari inayopishana

Picha ya kanda za PAL haikurekodiwa fremu nzima kwa mara moja. Kila fremu ina nusu mbili zilizochukuliwa kwa nyakati tofauti: kwanza mistari ya namba witiri, kisha ya namba shufwa, au kinyume chake. Kwenye runinga bapa, nusu hizo zikioneshwa pamoja, mtu anayetembea huonekana na kingo zenye meno kama ya kitana. Kwa hiyo nakala ya kutazamia inapaswa kutenganishiwa nusu hizo mapema na kupewa picha 50 kamili kwa sekunde, ili mwendo wa wachezaji ngoma ubaki laini kama ulivyokuwa. Kazi hiyo ikiachiwa seva, italazimika kuirudia kila mara faili linapofunguliwa.

3.3 Sauti

Kaseti za sauti zina mahitaji madogo zaidi. Sauti ya chaneli mbili kwa kiwango cha santuri ya CD, ambayo ni kilobiti 1,411 kwa sekunde, huchukua takribani megabaiti 635 kwa saa. Kaseti 40 za dakika 60 hazizidi gigabaiti 26, na kodeki ya FLAC hupunguza zaidi bila kupoteza kitu. Hakuna sababu ya kutosha ya kuhifadhi sauti ya mzee wa familia katika MP3 pekee.

4.0 Uteuzi wa Maunzi

Hesabu ya nafasi ikikamilika, uteuzi wa kompyuta huwa rahisi. Ichukuliwe familia yenye saa 60 za video na kaseti 40 za sauti. Nakala za kutazamia zitahitaji gigabaiti 108, sauti gigabaiti 26, na nakala kuu kati ya terabaiti 1.5 na 2.2. Diski moja ya terabaiti 4 inatosheleza vyote na kubakisha nafasi ya ukuaji. Watazamaji wanne wakiangalia kwa pamoja wanahitaji megabiti 16 kwa sekunde, kiasi ambacho waya wa mtandao wa megabiti 100 unakimudu kwa urahisi. Inashauriwa seva iunganishwe na ruta kwa waya, na Wi-Fi iachiwe vifaa vya watazamaji.

Kigezo kinachosahaulika ni umeme. Seva huwaka mchana na usiku. Kompyuta ya mezani ya zamani inayotumia wati 80 hula uniti 700 za umeme kwa mwaka, wakati kompyuta ndogo inayotumia wati 10 hula uniti 88 hivi. Hivyo kompyuta ya zamani iliyopatikana bure huweza kuwa ghali kuliko kompyuta ndogo ya ofisini iliyotumika, mfano zile zinazouzwa Kariakoo au katika maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi. Raspberry Pi nayo inafaa kwa sharti kwamba mafaili yameandaliwa ipasavyo: Raspberry Pi 5, iliyotoka mwaka 2023, haina sehemu ya maunzi ya kusimba H.264, kwa hiyo ugeuzaji huielemea.

Kukatika na kuyumba kwa umeme ni tishio kubwa kwa diski. Kifaa cha UPS kinachoipa seva dakika chache za kujizima kwa utaratibu kinapaswa kuhesabiwa kuwa sehemu ya seva. Vilevile, mpangilio wa awali wa kompyuta urekebishwe ili iwake yenyewe umeme unaporudi.

5.0 Usakinishaji na Mpangilio wa Maktaba

5.1 Hatua za usakinishaji

Mfumo endeshi wa Debian husakinishwa bila mandhari ya dirisha, kwa kuwa seva haihitaji skrini baada ya kuanzishwa. Ruta hupangwa ili iipatie seva anwani ileile ya ndani kila wakati. Kisha Jellyfin husakinishwa kutoka katika hazina yake rasmi, na usimamizi wake hufanyika kwa kivinjari kupitia mlango namba 8096.

Katika hatua hii kuna uamuzi mmoja wa kiusalama usiopaswa kurukwa. Jellyfin hufanya kazi kwa jina la mtumiaji wake ndani ya mfumo endeshi, na mtumiaji huyo apewe ruhusa ya kusoma tu katika makabrasha ya mafaili. Programu ikipata hitilafu, au mtoto akibonyeza kitufe cha kufuta, faili halitafutika. Nakala kuu zikae nje kabisa ya makabrasha yanayoonwa na programu.

5.2 Maelezo ya mafaili

Programu za seva ziliundwa kwa kuzingatia sinema zinazouzwa. Zikikuta faili, hutafuta jina lake katika hifadhidata za mtandaoni na kuleta picha ya tangazo, majina ya waigizaji na muhtasari. Kanda ya harusi ya binamu haimo katika hifadhidata yoyote, na ikiwekwa katika maktaba ya sinema huweza kuvikwa jina na picha ya filamu isiyohusiana nayo. Kwa hiyo kanda za familia ziwekwe katika maktaba ya aina ya video za nyumbani, ambayo huyaacha majina ya mafaili yalivyo.

Jina la faili lianze na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku, kisha tukio na mahali, mfano 1994-12-27 Harusi Tanga. Kando ya kila faili liwekwe faili la maandishi ya kawaida linalotaja waliomo, aliyepiga picha, nyimbo zilizoimbwa na hali ya kanda ilipodijitishwa. Maandishi hayo hayategemei programu yoyote, kwa hiyo yatasomeka hata Jellyfin ikiachwa kutumika.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kazi hii daftari lina muda wake. Anayemtambua bibi aliyekaa nyuma ya bibi harusi ni mtu wa rika lake, na rika hilo linapungua. Mashine ya kusoma kanda inaweza kuazimwa mwakani, lakini maelezo ya mzee yasipoandikwa angali hai hayana pa kuazimwa. Kwa sababu hiyo, inapendekezwa kwamba nakala za kutazamia zitengenezwe mapema hata kabla ya seva kukamilika, wazee waoneshwe, na wanayoyasema yaandikwe.

6.0 Mipaka ya Utazamaji

Kuwekwa pamoja kwa kanda zote kunazua suala ambalo kabati halikuwa nalo. Katika familia nyingi za mwambao, sherehe za wanawake hurekodiwa na mpiga picha mwanamke, kwa makubaliano kwamba zitatazamwa na wanawake tu. Kanda ilipokuwa kitu cha kushikika, aliyeishika ndiye aliyelinda makubaliano hayo. Ikishakuwa faili ndani ya seva isiyo na mipaka, makubaliano huvunjika bila mtu yeyote kukusudia.

Jellyfin humwezesha msimamizi kufungua akaunti kwa kila mtu na kuamua ni maktaba zipi aone. Kwa hiyo kanda hizo zitengewe maktaba yake, nayo ifunguliwe kwa akaunti zinazostahili pekee. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba msimamizi wa seva huona kila kitu. Pale ambapo msimamizi ni kijana wa kiume wa nyumba, familia inaweza kuamua kwamba udijitishaji na usimamizi wa maktaba hiyo ufanywe na mwanamke, au kwamba kanda hizo zisiingie kabisa katika seva ya pamoja. Uamuzi huo ni wa wenye kanda, na mtaalamu wa kompyuta anapaswa kuuliza kabla ya kuunganisha deki.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania Bara ya mwaka 1999, ile ya Zanzibar ya mwaka 2003 na ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi na msanii. Kuiweka taarabu ya kikundi fulani wazi kwa umma kupitia seva ni jambo tofauti na kuisikiliza sebuleni, na linahitaji idhini ya wenye haki.

7.0 Utazamaji kutoka Nje ya Nyumba

Familia za mwambao zina jamaa Muscat, London na Toronto, na hao ndio mara nyingi huuliza habari za kanda. Kikwazo cha kwanza ni kwamba watoa huduma wengi wa intaneti huwakusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Ikiwa anwani ambayo ruta imepewa inaangukia kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, seva haiwezi kufikiwa moja kwa moja kutoka nje.

Kikwazo cha pili ni usalama. Kufungua mlango 8096 kwa dunia nzima huialika kila programu ya uvamizi kujaribu nywila. Njia inayofaa zaidi ni mtandao wa faragha kama WireGuard, ambao tangu mwaka 2020 ni sehemu ya kiini cha Linux. Pale ambapo hakuna anwani ya umma, kompyuta ndogo ya kukodi nje hutumika kuwa daraja la mtandao huo. Kasi ya kupakia ndiyo inayoweka kikomo: intaneti inayopakia megabiti 5 kwa sekunde inamudu mtazamaji mmoja wa megabiti 4. Ndani ya nyumba, utazamaji hautumii bando hata kidogo.

8.0 Nakala Rudufu

Seva si nakala rudufu. Hata diski mbili zinazoakisiana ndani ya kompyuta moja si nakala rudufu, kwa kuwa faili likifutwa upande mmoja hufutika na upande wa pili, na radi au mwizi huchukua zote. Kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh inataka nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Kwa familia ya mfano huu, diski ya seva ni nakala ya kwanza; diski ya nje inayounganishwa mara moja kwa mwezi na kuchomolewa ni ya pili; na diski iliyo kwa ndugu wa mji mwingine ni ya tatu. Iwapo zote tatu ni diski kuu, sharti la vifaa vya aina mbili halijatimia, na angalau nakala za kutazamia ziwekwe pia katika hifadhi ya mtandaoni, zikiwa zimefungwa kwa nenosiri.

Kila faili litengenezewe alama ya uhakiki ya SHA-256, ili baada ya miaka ijulikane iwapo biti zake zimebadilika. Aidha, mara moja kwa mwaka mafaili kadhaa yarejeshwe kutoka katika diski ya mbali na kuchezwa. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa bado ni dhana. Kanda zenyewe zisitupwe baada ya kudijitishwa.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua uandaaji wa seva ya nyumbani kwa mpangilio unaoanza na kanda na kumalizia na kompyuta. Imebainika kwamba mafaili yakiandaliwa katika umbo linalofasirika na vifaa vyote, kompyuta ndogo isiyotumia umeme mwingi inatosha, na fedha iliyookolewa inaweza kununua diski za nakala rudufu. Imebainika pia kwamba sehemu ya kazi isiyofanywa na programu yoyote, yaani kutambua waliomo na kuamua nani aone, ndiyo inayobeba thamani ya mkusanyo mzima.

Inapendekezwa kwamba familia yenye fedha kidogo ifuate mpangilio ufuatao: kudijitisha kwanza kanda zilizo katika hali mbaya zaidi, kuandika maelezo ya wazee, kununua diski mbili, na mwisho kununua seva. Seva ikichelewa, hasara ni kukosa kutazama kwa muda. Hatua za mwanzo zikichelewa, kinachopotea hakirudi.